Simu Iko kwa Nani Saa Moja Usiku? Mwongozo Kamili wa Wanafunzi wa Mombasa Kuchunguza Pengo la Kidijitali Mtaani

Mwaka wa kwanza nilipowaongoza wanafunzi wangu kuchunguza nani anaweza kusoma akiwa nyumbani na nani hawezi, tulikosea kabla hatujaanza. Tulitunga maswali, tukayatia kwenye fomu ya mtandaoni, tukaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, tukangoja. Majibu yalikuja mbio na yalipendeza. Karibu kila nyumba ina simu janja, karibu kila mtoto anafuata kazi zinazotumwa. Tukaanza kuandika ripoti. Kisha msichana mmoja wa kidato cha pili, asiyekuwa na mazoea ya kuongea darasani, akainua mkono: "Mwalimu, na wale ambao hawakujibu?"

Nikaichukua orodha ya darasa. Ambao hawakujibu ndio hasa tuliokuwa tukiwatafuta. Tulikuwa tumesimama kisimani tukiwauliza wenye ndoo zilizojaa kama mtaani kuna kiu.

Tangu hapo kazi hii tunaifanya kwa miguu. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa sekondari na walimu wanaowasimamia, iwe ni chama cha wanahabari, cha jiografia au darasa zima. Utahitaji wiki sita hivi, madaftari, kalamu, saa ya mkononi, simu moja janja ya kupimia, na subira. Kompyuta si lazima.

Kwa nini jambo hili halijapitwa na wakati

Wapo wanaodhani habari ya kusomea nyumbani ilizikwa pamoja na korona. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Katikati hapo masomo yalihamia kwenye redio za shirika la utangazaji la taifa, KBC, runinga, YouTube na wingu la elimu, yaani hazina ya masomo mtandaoni ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala. Hapa kwetu mambo yalikuwa mazito zaidi: kuanzia tarehe 8 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa. Wazazi waliotegemea bandari, hoteli na watalii walibaki nyumbani bila kipato, wakati uleule watoto wao walipoambiwa wanunue bando.

Kisha mwaka 2024 mafuriko yakaja. Muhula wa pili uliokuwa uanze mwishoni mwa Aprili ukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Na hata pasipo janga lolote, kazi za likizo hutumwa kwa simu, na miradi ya watoto wa gredi, wale wa mtaala mpya, huwapeleka wazazi saiba, duka la kompyuta, kuchapisha picha.

Kuna jambo moja huniuma kila nikilifikiria. Nyaya za chini ya bahari zinazoiletea Kenya intaneti zinatua hapahapa Mombasa. SEACOM na TEAMS ziliingia mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti ya nchi nzima inapita chini ya mchanga wetu, na mtoto wa Kisauni anapanda juu ya paa kutafuta mtandao ili apakue ukurasa mmoja wa hesabu. Umbali kati ya waya ule na daftari la mtoto huyu ndio mnaokwenda kuupima.

Hatua ya 1: Chagueni swali dogo

"Pengo la kidijitali Mombasa" si swali, ni bahari. Kaunti hii ilikuwa na watu 1,208,333 kwenye sensa ya 2019, ina kaunti ndogo sita, na ninyi ni vijana ishirini wenye mitihani. Swali lenu liwe la kuweza kujibiwa na nyumba chache katika mtaa mnaoujua. Haya ni mifano:

Mwanafunzi wa mtaa huu hupata dakika ngapi kwa wiki za kusoma kwa simu, na ni nini kinachozikata?

Kazi ya likizo inayotumwa kwa WhatsApp humfikia mwanafunzi baada ya muda gani?

Kipindi kimoja cha video kinagharimu sehemu gani ya pesa ya siku ya mzazi?

Mimi hupenda la kwanza, kwa kuwa linayabeba mengine mgongoni. Mwongozo uliobaki nitauandika kana kwamba ndilo mlilolichagua.

Hatua ya 2: Chagueni mitaa miwili na milango ya kugonga

Chukueni sehemu mbili zilizokaribiana lakini hazifanani. Mombasa haina shida ya kukupa mifano. Kongowea na Nyali zimepakana. Mikindani ina nyumba za mawe na ina kijiji cha Bangladesh. Likoni na Ganjoni zinatazamana ng'ambo ya kivuko. Kulinganisha majirani kuna faida kubwa: mvua ni ileile na mitihani ni ileile, kwa hiyo tofauti mtakayoiona si ya kusingizia umbali.

Nyumba 12 kila upande, jumla 24, zinatosha kwa mara ya kwanza. Msiende kwa rafiki zenu wala msichague nyumba zenye mlango mzuri. Anzieni mahali panapojulikana, kwa mfano msikitini, kisimani au dukani, kisha gongeni kila mlango wa tano. Mkifika kwenye nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, kumbukeni kwamba kila chumba kinaweza kuwa kaya ya peke yake, na mpangaji wa chumba cha nyuma hana maisha sawa na mwenye nyumba anayekaa mbele. Andikeni namba za vyumba kwenye vikaratasi, okoteni kimoja bila kutazama, na chumba kilichotoka ndicho cha kugonga. Wanafunzi wangu walipoanza kufanya hivi, picha ya mtaa iligeuka mara moja, kwa sababu awali walikuwa wakizungumza na yeyote aliyekaa barazani.

Mkimkuta mtoto wa umri wa shule asiyekwenda shule tena, msimruke. Muulizeni kwa heshima. Vivyo hivyo mwenye ulemavu: kijana asiyesikia hafaidiki na sauti, na asiyeona hasaidiki na picha ya ubao iliyopigwa haraka, hata kama simu yake ni mpya na bando limejaa.

Hatua ya 3: Ruhusa na siri

Hapa msiwe na haraka. Mwalimu mkuu aandike barua moja fupi inayosema ninyi ni nani, mnauliza nini na mtaifanyia nini taarifa. Nakala moja mpelekeeni chifu, nyingine mzee wa mtaa, na kila jozi ya wanafunzi itembee na yake. Kwa kawaida mzee wa mtaa akishaisoma, hujitolea kuwatangulia. Mshukuruni, lakini mwombeni asiingie ndani wakati wa maswali, maana watu hawatasema mbele yake kwamba umeme umekatwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto. Kwa hiyo mzazi kwanza, mtoto baadaye, na mtoto mwenyewe naye akubali. Akisita, ondokeni kwa wema.

Daftari la maswali lisiwe na jina la mtu, namba ya simu wala namba ya nyumba. Tumieni alama: K3 ni nyumba ya tatu ya Kongowea. Orodha inayounganisha alama na nyumba iwe moja tu, na ikae kwenye kabati la mwalimu lenye kufuli. Msipige picha ndani ya nyumba ya mtu. Hata akikubali, ile picha ya godoro na ndoo ikisambaa haitarudi.

Hatua ya 4: Maswali

Uchunguzi wa namna hii huharibikia au kufaulu kwenye maswali. Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuuliza juu ya kuwa na kitu. "Mna simu janja?" Ndiyo. "Mna umeme?" Ndiyo. "Mna redio?" Ndiyo. Mnaandika ndiyo tatu na kurudi na ripoti ya uongo ambayo hakuna aliyedanganya ndani yake.

Kuwa na simu na kuipata mkononi ni mambo mawili. Simu ya nyumba ni chombo cha kazi. Ndiyo inayopokea pesa za M-Pesa za mauzo ya viazi karai, ndiyo inayomwita dereva wa tuktuk, ndiyo benki ya chama cha akina mama. Mtoto huipata ikishamaliza kazi hizo zote, ikiwa bado ina chaji. Kwa hiyo ulizeni juu ya saa na siku maalumu zilizopita karibuni, ambazo mtu bado anazikumbuka:

Jana saa moja usiku, simu yenye intaneti ilikuwa mkononi mwa nani?

Katika siku saba zilizopita, siku ngapi ilikuwa na bando? Nani alilinunua?

Huchajiwa wapi? Ikiwa ni kwa jirani au dukani, hulipa?

Tokeni za stima ziliisha lini mara ya mwisho, na mlikaa siku ngapi bila umeme?

Wanafunzi wangapi wanaitumia simu hii? Nani hutangulia, na nani aliamua hivyo?

Mara ya mwisho mwalimu alipotuma kazi, ulisubiri muda gani kabla ya kuiona?

Ukisoma usiku, unakaa wapi, na nani wengine wako hapo?

Ukikwama, unamuuliza nani?

Jana, ni kitu gani kilichokuzuia kusoma?

Swali la mwisho liacheni wazi, msimpe majibu ya kuchagua. Ndilo lililotuonyesha mambo ambayo sisi walimu hatukuyawaza. Wavulana wengi walitaja mtandao na bando. Wasichana walitaja vyombo, mdogo wao anayelia, maji ya kuteka, na mapishi ya jioni. Msichana anaweza kuwa na simu, bando na umeme, na saa moja usiku mikono yake ikawa kwenye unga wa chapati.

Msiulize mshahara. Swali hilo hufunga mlango, na jibu lake mara nyingi halina maana kwa mtu anayeishi kwa kibarua. Ulizeni badala yake: "Bando likiisha, mnakata nini ili mnunue jingine?" Majibu ya hapo mtayakumbuka miaka mingi.

Maswali yawe ya Kiswahili, tena Kiswahili cha hapa. Usimuulize bibi juu ya "kifaa cha kidijitali". Sema simu ya kugusa, simu ya vitufe, au mulika mwizi. Kabla ya kwenda mtaani, jaribuni maswali kwa watu watatu ambao hawamo kwenye uchunguzi: mpishi wa shule, mlinzi, na mzazi mmoja. Swali lolote litakalowafanya waulize "unamaanisha nini?" liandikeni upya.

Hatua ya 5: Hodi

Nendeni wawili wawili, mvulana na msichana, maana katika nyumba nyingi za hapa mama aliye peke yake hatamkaribisha kijana wa kiume ndani, na hiyo ni haki yake. Vaeni sare. Semeni hodi mara tatu. Msipojibiwa, ondokeni mrudi siku nyingine, msiruke kwenda mlango wa jirani, kwa sababu nyumba ambazo watu hawapo mchana ndizo za wanaofanya kazi mbali na watoto wanaojilea.

Salamu zisiwe za mbio. Salaam aleikum au hodi ya nyumba, shikamoo kwa mkubwa, habari za wagonjwa na za kazi, kisha ndipo ueleze ulilojia. Mama mwite mama, bibi mwite bibi. Ukikaribishwa kahawa au kipande cha hamri, pokea. Mmoja azungumze na mwingine aandike, wala kalamu isitangulie mazungumzo.

Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hufaa, na baada ya Alasiri vilevile. Epukeni Ijumaa mchana, na mwezi wa Ramadhani msiende karibu na Magharibi, wakati kila mtu yuko jikoni. Watoto wengi wana madrasa baada ya shule, kwa hiyo ulizeni kwanza ratiba yao.

Na msiahidi chochote. Mtaa umechoka kuhesabiwa. Watu wameshapigwa picha, wameshaandikishwa majina, wameambiwa msaada unakuja. Semeni tangu mwanzo: "Mama, sisi ni wanafunzi, hatuna tabuleti wala pesa. Tunataka kujua ukweli, na tutarudi kukuambia tulichokipata." Kisha mrudi kweli.

Hatua ya 6: Shajara ya simu

Ikiwa mna nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanyeni hili. Katika kila nyumba iliyokubali, mwachieni mwanafunzi karatasi yenye mistari saba, mmoja kwa kila siku. Kila usiku aandike mambo manne: simu iliondoka nyumbani saa ngapi na ikarudi saa ngapi, ilikuwa na chaji kiasi gani, kulikuwa na bando au la, na alisoma dakika ngapi. Baada ya wiki mwifuate karatasi.

Nakumbuka karatasi moja kutoka upande wa Likoni. Kijana wa kidato cha tatu, mama yake anafanya kazi kisiwani na huvuka feri alfajiri. Mwandiko ulikuwa mdogo, umebanwa, kwa kalamu mbili tofauti.

Jumatatu: simu imeondoka na mama saa kumi na moja alfajiri, imerudi saa mbili na nusu usiku, chaji imebaki kidogo, hakuna bando. Dakika 0. Jumanne: imerudi saa mbili, mama amenunua bando la usiku, dada amemaliza kazi yake kwanza. Dakika 15. Jumatano: tokeni zimeisha, nyumba giza. Dakika 0. Alhamisi: nimekwenda kuchaji dukani, nimesomea hapohapo nimesimama. Dakika 20. Ijumaa: mama amechelewa, feri ilikuwa na foleni. Dakika 0. Jumamosi: mama yuko nyumbani. Dakika 35. Jumapili: mjomba amepiga simu akaongea mpaka chaji ikaisha. Dakika 10.

Jumla dakika 80 kwa wiki nzima. Na tazama zinavyoonekana: vipande vya dakika kumi na tano, ishirini, kimoja akiwa amesimama kaunta ya duka huku wateja wanampita. Nyumba ile kwenye fomu yetu ya mwaka wa kwanza ingeandikwa "Simu janja: ndiyo", tukaendelea mbele.

Nilipoisoma karatasi ile nilikumbuka mara ngapi nimemwambia mwanafunzi, mbele ya wenzake, "kazi niliituma tangu Jumatatu, ulikuwa wapi?" Sisemi tena hivyo.

Hatua ya 7: Pimeni bei ya kipindi kimoja

Fungueni mipangilio ya simu, sehemu inayoonyesha matumizi ya data, mwandike namba iliyopo. Tazameni kipindi kimoja cha video hadi mwisho. Angalieni namba tena. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Rudieni kwa video ileile katika ubora wa chini, kisha kwa somo hilohilo likiwa sauti tupu iliyorekodiwa na mwalimu, kisha likiwa maandishi.

Sasa hesabu. Tuseme video imekula MB 300, na siku hiyo bando la GB 1 mnalinunua shilingi 100. Kipindi hicho ni shilingi 30. Vipindi vinne kwa siku ni shilingi 120. Watoto watatu wanaosoma madarasa tofauti, shilingi 360 kwa siku moja. Namba zenu zitakuwa tofauti na hizi, lakini mkishazipata ziwekeni kando ya bei ya pakiti ya unga na nauli ya matatu ya siku hiyo. Sijaona kitu kinachowanyamazisha walimu wenzangu kama karatasi hiyo ikibandikwa kwenye chumba cha walimu, hasa wakiona sauti tupu inakula kiasi gani ikilinganishwa na video.

Mkiweza, pimeni pia kasi ya mtandao kwa programu yoyote ya bure, mahali palepale, mara tatu: asubuhi, alasiri na saa mbili usiku. Pimeni ndani ya chumba na nje barazani, kwani kuta nene za mawe huzuia mawimbi.

Hatua ya 8: Hesabu bila kujidanganya

Kwa nyumba 24 msiandike asilimia. "Nyumba 9 kati ya 24" ni kweli na inaeleweka. "Asilimia 37.5 ya wakazi wa Mombasa" ni uongo uliovaa suti.

Wastani nao ni wa kuangaliwa. Chukua mfano wa dakika za nyumba saba: 0, 0, 20, 40, 80, 90, 300. Ukijumlisha na kugawa unapata karibu dakika 76, na inaonekana watu hawako vibaya. Lakini ukizipanga na kuchukua ya katikati unapata 40. Nyumba moja yenye waifai imezibeba nyingine zote. Andikeni ya katikati, na mseme wazi ni nyumba ngapi zilikuwa sifuri.

Mnaweza kulinganisha na taifa, ila kwa uangalifu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 22.6 ya watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi walitumia intaneti, na asilimia 10.4 walitumia kompyuta. Hao ni watu wote, wakiwemo vikongwe na watoto wa chekechea, ilhali ninyi mnahesabu nyumba zenye wanafunzi. Zitajeni namba hizo kama mandhari, msizitumie kama mizani.

Hatua ya 9: Ulizeni serikali

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Mwalimu au mzazi aandike barua kwa ofisi ya elimu akiuliza mambo mahususi: shule ngapi za umma katika kaunti ndogo yenu zina umeme, ngapi zina intaneti inayofanya kazi, na tabuleti zilizogawiwa shule za msingi ziko katika hali gani leo. Wekeni tarehe, bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ipelekeni wiki ya kwanza ya kazi yenu ili siku 21 zisiwakute mmeshamaliza.

Jueni pia mlango wa kugonga. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya taifa. Kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi, na maktaba nazo ni jukumu lake. Basi msimwendee mwakilishi wa wadi kumdai kompyuta za sekondari, mtapoteza mchana. Mwendeeni kwa saa za kufunguliwa kwa maktaba na mahali pa umma pa kusomea penye taa. Hayo anaweza.

Hatua ya 10: Rudini na majibu

Mlisema mtarudi. Andaeni bango moja kubwa la Kiswahili, lenye michoro michache, bila jina wala alama ya nyumba yoyote, na mlipeleke kwanza kwa wale waliowafungulia milango. Barazani baada ya Alasiri panafaa kuliko ukumbi wa kukodi. Acheni watu wawasahihishe. Kuna mama mmoja aliyetuambia mchoro wetu wa "simu bila kazi mchana" haukuwa sahihi, kwa sababu simu ikiwa mfukoni mwake sokoni haikai bure, inangoja wateja. Tuliubadilisha.

Kisha walimu. Kwao nendeni na mapendekezo wanayoweza kuyaanza wiki ijayo. Yaliyofaa shuleni kwetu ni haya: kazi ya likizo ichapishwe karatasi moja na nakala ziachwe kwenye duka la mtaani mwenye duka akikubali, mwalimu atume sauti fupi badala ya video, swali lenyewe liandikwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida ili hata mulika mwizi ilipokee, muda wa kurudisha kazi uwe wiki nzima, si kesho yake, na mchana wa Ijumaa wanafunzi waruhusiwe kupakua masomo kwa intaneti ya shule kwenye kadi ya kumbukumbu ya nyumbani. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwa wazazi, jambo lililopokewa vizuri ni zamu ya simu iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, ambayo mtoto mdogo naye ana nafasi yake na kaka anaosha vyombo badala ya dada yake siku mbili kwa wiki. Halikukubaliwa kila nyumba. Nyumba zilizokubali, karatasi bado ziko ukutani.

Hatua ya 11: Fungeni kazi

Hifadhini shajara na hesabu mahali ambapo darasa la mwaka ujao litazipata, ili warudi mitaa ileile na maswali yaleyale na kuona kilichobadilika. Andikeni na makosa yenu: mlango mliouruka, swali lililowaudhi watu, siku ya mvua mliyokosa kwenda.

Orodha ya alama na nyumba, ile iliyofungiwa kabatini, ikichomwa ichomwe mbele ya wanafunzi wote. Sisi huichoma nyuma ya jiko la shule, na yule aliyeishika siku zote ndiye anayeitia kwenye moto.